Jinzi yako, Ziwa Bogoria na geti la Karen

Shika jinzi uliyovaa. Ndiyo, hiyo hiyo uliyonunua Toi baada ya kubishana na muuzaji nusu saa. Angalia pale gotini na mapajani ilipopauka. Ile bluu iliyofifia vizuri, iliyokufanya uongeze mia mbili bila kunung'unika, haikutokana na jua wala na mama fua. Ilitengenezwa kiwandani. Zamani walitia jinzi kwenye mashine kubwa pamoja na mawe mepesi ya volkeno, zikagongwagongwa humo mpaka zikachakaa kimtindo. Shida ni kwamba mawe yalirarua nguo na kuharibu mashine. Baadaye wakapata kitu kisichoonekana kwa macho: kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu. Hiki kinalamba nyuzi za juu za pamba, na rangi inaondoka nazo.

Sasa sikiza. Kimojawapo cha vimeng'enya hivyo kilitoka Baringo.

Mwaka 1992 mwanasayansi Mwingereza, William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, alichukua sampuli katika Ziwa Bogoria. Kama hujafika huko, ni ziwa la magadi lenye chemchemi zinazotokota, heroe wengi, na maji makali yenye pH karibu 10. Ukiyaonja utajuta. Lakini kuna bakteria wanaoishi humo wakiona ni nyumbani kabisa. Kampuni ya Marekani iitwayo Genencor ilifanyia kazi vijidudu hivyo, na bidhaa zikaingia sokoni: moja ya kupausha jinzi, nyingine ya kutiwa kwenye sabuni za kufulia ili nguo zisitoe vinyuzinyuzi.

Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likasema wazi kwamba Kenya ilistahili sehemu ya mapato hayo. Kampuni ikajibu kwamba sampuli zilichukuliwa kwa vibali halali. Kinachonikera kidogo ni tarehe. Tarehe 22 Mei 1992, mwaka ule ule wa sampuli, maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai yalipitishwa hapa hapa Nairobi. Mkataba huo unasema nchi ina haki juu ya viumbe wake, hata wale wasioonekana. Ulianza kutumika Desemba 1993. Yaani tulikuwa tunaandika sheria ya geti huku mgeni akitoka na mzigo.

Kama unaenda Karen kwa matatu ya 24 kupitia Lang'ata Road, unapita makao makuu ya KWS. Wengi wetu tunalijua lango lile kwa sababu ya safari za shule za kwenda kuona simba. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya ofisi zile watu walikuwa wanapigania bakteria.

Mimi hadithi hii niliijua kama hadithi ya wizi, na nimeisimulia hivyo mara nyingi kejani kwa mabeste. Wazungu walikuja, wakachota tope, wakatajirika. Siikani. Ila nilipoanza kusoma zaidi niligundua kwamba kuna kipande katikati ambacho hatukizungumzi kabisa, na ndicho kilicho na pesa. Tope la Bogoria likiwa kwenye chupa halipaushi jinzi yoyote. Bakteria wa ziwani hutoa kimeng'enya kidogo sana, kiasi chake yeye cha kula. Kiwanda kinataka tani. Kutoka kule kwenye kidogo mpaka kwenye tani kuna mtego mmoja ambao watafiti wameusumbukia miongo kadhaa: unamfanyaje bakteria akitengeneze kwa wingi na, muhimu zaidi, akitoe nje?

Mimi niliacha chuo njiani. Mada hii ilikuwa nusu ukurasa kwenye noti zetu, na mhadhiri aliipita kama matatu iliyojaa inavyopita stendi. Kwa hivyo acha nikueleze nilivyoielewa mwenyewe, nikiwa nimesimama nje ya geti moja la Karen.

Unajua mageti ya Karen. Ua mrefu wa kayaba wenye miiba ambayo hata paka hathubutu, geti jeusi la chuma, askari na kitabu chake. Kuingia ni kazi, lakini kutoka na mzigo ni kazi zaidi. Fundi anayetoka na mashine ya kukata mbao, au mama wa kazi aliyepewa nguo kuukuu na mwenye nyumba, anaulizwa: barua iko wapi? Bila kikaratasi kutoka kwa mdosi, mzigo unabaki. Niliwahi kumsubiri binamu yangu dakika arobaini jua likizama, kwa sababu mwenye nyumba alisahau kumwandikia kikaratasi cha mazulia mawili yaliyochakaa. Baadaye tukatembea naye hadi Kuwinda tukiyabeba kichwani. Kikaratasi chenyewe askari alikichukua na kukichana.

Seli ya bakteria ni boma la namna hiyo. Ndani yake protini hutengenezwa maelfu kwa maelfu, na nyingi zina kazi ya humo humo. Zile zinazotakiwa kwenda nje hutoka jikoni zikiwa tayari zimebandikwa kikaratasi mwanzoni, kipande kifupi cha asidi amino 15 hadi 30 hivi. Wataalamu hukiita peptidi ishara. Mlango uliomo kwenye utando wa seli hukisoma, protini inapitishwa, na kikishavuka, kimeng'enya kingine kinakata kile kikaratasi na kukitupa. Kinachoelea nje ni protini safi, bila barua.

Aliyefumbua jambo hili ni Günter Blobel, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Yeye na mwenzake David Sabatini walilipendekeza mwaka 1971, na kwa miaka mingi wenzao wengine hawakuamini kwamba protini inaweza kubeba anwani yake yenyewe. Mwaka 1999 akapewa Tuzo ya Nobel, na pesa zake akazitoa zisaidie kujenga upya jiji la Dresden lililolipuliwa vitani alipokuwa mtoto.

Nataka uone kikaratasi chenyewe, maana nilipokiona mara ya kwanza nilicheka. Hiki hapa ni cha bakteria maarufu Bacillus subtilis, kile anachotumia kutoa nje subtilisini, kimeng'enya cha ukoo ule ule unaokula madoa ya damu na maziwa kwenye sabuni za unga:

MRSKKLWISLLFALTLIFTMAFSNMSAQA

Herufi 29. Kila herufi ni asidi amino moja. Ukikisoma kama askari, kina sehemu tatu. Mwanzoni kuna R na K mbili, zenye chaji chanya. Hizo ndizo zinazoshikilia kichwa cha kikaratasi upande wa ndani wa utando. Katikati kuna LLFALTLIFTMAF, msururu wa asidi amino zinazochukia maji na kupenda mafuta. Utando wa seli nao ni mafuta, kwa hivyo sehemu hiyo inazama humo kama chapati moto kwenye samli. Mwishoni kuna A-Q-A. Hapo ndipo makasi yanapokata. Ni hayo tu, ujumbe mfupi kuliko bio yako ya Instagram.

Mlango nao una tabia zake. Ule mkuu, unaoitwa Sec, ni mwembamba, kwa hivyo protini hupita ikiwa bado haijakunjwa, ikisukumwa na mota ndogo iitwayo SecA inayochoma nishati kila inaposukuma. Fikiria kitanda: hakipiti mlangoni mpaka ukifungue mbao moja moja, kisha ukakifunge tena huko nje. Kuna mlango mwingine, Tat, unaopitisha kitanda kikiwa kizima, lakini kikaratasi chake ni tofauti, lazima kiwe na R mbili zilizofuatana. Ukichanganya barua na mlango, mzigo unakwama.

Kwa nini viwanda vijisumbue na haya yote? Kwa sababu ya chai. Kama unataka chai, unachuja majani na kunywa, kazi imeisha. Kimeng'enya kikitoka nje ya seli, kiwanda kinachuja bakteria na kubaki na maji yaliyojaa bidhaa. Kikibaki ndani, lazima uvunje seli zote, utoe kila takataka iliyomo, kisha uanze kutafuta kimeng'enya chako katika ule uji. Gharama inapanda mpaka hakuna anayeweza kukiuza kwa bei ya sabuni. Ndiyo maana ukoo wa Bacillus unapendwa sana viwandani: una utando mmoja, yaani geti moja, na aina zake bora hutoa gramu 20 hadi 25 za protini kwa kila lita. E. coli, yule maarufu wa maabara, ana tando mbili. Ukivuka geti la kwanza bado kuna la pili.

Basi kazi si imekuwa rahisi? Chukua jeni la kijidudu cha ziwani, libandike kikaratasi kizuri, liweke ndani ya Bacillus wa kiwandani, kaa ungoje pesa.

Haiendi hivyo, manze. Hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu hawa watu.

Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani, huko Jülich, walichukua vikaratasi 173 vya Bacillus subtilis, wakavibandika kimoja kimoja kwenye kimeng'enya kile kile cha kuvu kiitwacho kutinasi. Walitaka kujua kipi ni bora. Tofauti zikawa kubwa mno: vingine vilitoa mzigo kwa wingi, vingine karibu havikutoa kitu. Kisha wakajaribu kimeng'enya kingine, na vile vilivyoshinda mwanzo havikuwa washindi tena. Barua inayomtoa fundi wa mbao getini haimtoi fundi wa mabomba, japo ni askari yule yule na boma lile lile. Hawakupata kanuni ambayo ungeiangalia ukasema, hii ndiyo itafaa. Ilibidi kujaribu tu.

Sababu ni kwamba kikaratasi na mzigo vinaongea. Ile sehemu ya protini inayofuata baada ya A-Q-A inaweza kuyazuia makasi. Kikaratasi kinachopenda mafuta kupita kiasi kinaweza kukwama kwenye utando. Hata kile kinachofanya kazi vizuri sana kinaweza kuleta balaa: mzigo unafika mlangoni haraka kuliko mlango unavyoweza kupitisha, foleni inajaa kama Ngong Road saa kumi na mbili jioni, seli inaugua. Halafu kuna uhuni wa nje. Bacillus mwenyewe humwaga vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, kwa hivyo bidhaa yako inaweza kutoka salama getini na kuliwa barabarani. Watafiti wakaunda aina iitwayo WB800, iliyoondolewa vimeng'enya vinane vya aina hiyo, ili angalau mzigo ufike.

Ndiyo maana kazi ya kuboresha imekuwa ya kujaribu na kujaribu: ongeza K moja mbele uone, punguza L mbili katikati, badilisha herufi ya pili kutoka mwisho, pima tena. Herufi moja inaweza kuongeza mavuno au kuyaua. Mwaka 2020 timu ya Caltech, Marekani, ilijaribu njia nyingine. Walifundisha akili mnemba, ile ya aina inayotafsiri lugha, isome protini kisha iandike kikaratasi kinachoifaa. Vikaratasi hivyo havikunakiliwa popote, mashine ilivitunga. Walipovipima ndani ya bakteria hai, karibu nusu vilifanya kazi. Nusu ni kidogo au ni nyingi? Kwa fani ambayo ilikuwa inabahatisha, mimi naona ni nyingi sana.

Sasa turudi Karen, kwa sababu kuna kitu kinanichekesha.

Mtaa huu wengi husema umepewa jina la Karen Blixen, mwandishi Mdenmarki aliyelima kahawa hapa chini ya Ngong, shamba likamshinda, akarudi kwao 1931. Nyumba yake Denmark iliinunua na kuizawadia Kenya uhuru ulipopatikana, na leo ni jumba la makumbusho. Wadenmarki, kwa hivyo, tunawajua. Lakini Wadenmarki waliogusa maisha yako ya kila siku hawakulima kahawa, walifuga bakteria. Novozymes, kampuni kubwa kabisa ya vimeng'enya duniani, ni ya kwao. Mwaka 2024 iliungana na Chr. Hansen na kuitwa Novonesis. Hata Genencor ya Marekani ilinunuliwa mwaka 2005 na Danisco, ambayo pia ilikuwa ya Denmark. Nchi yenye watu wachache kuliko tulio nao katika kaunti za Nairobi na Kiambu zikijumlishwa imefanya vijidudu kuwa biashara.

Na mwaka 2007 KWS ilitia saini makubaliano ya miaka mitano na Novozymes. Safari hii mgeni alipitia kwa askari. Kampuni ingetafuta vijidudu katika mbuga na maziwa yetu, Kenya ingepata mgao bidhaa ikiuzwa, na Wakenya wangefunzwa kazi ya maabara. Nikisoma makubaliano kama hayo, jicho langu haliendi kwenye mgao. Linaenda kwenye mafunzo. Mgao ni asilimia ya kitu ambacho mwingine amekitoa getini. Anayejua kuandika kikaratasi ndiye mwenye mzigo.

Sisemi kwamba haki za ziwa ni jambo dogo. Waulize Waendorois, jamii iliyofukuzwa kando ya Bogoria miaka ya sabini ili pawe hifadhi ya wanyama. Walikwenda mpaka kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ukawapa ushindi. Kenya pia iliridhia Itifaki ya Nagoya, ile inayotaka ruhusa na mgao kabla ya kuchukua viumbe vya mtu. Vizuri. Lakini itifaki hailindi kijidudu dhidi ya maji. Maziwa ya Bonde la Ufa yamefura. Bogoria imemeza lango la hifadhi na baadhi ya chemchemi zake, na mwaka 2020 watu walianza kuhofia kwamba itakutana na Ziwa Baringo, ambalo maji yake ni baridi. Kijidudu kilichozoea pH 10 na joto la kuchemsha yai hakina pa kuhamia. Chupa za sampuli zilizo kwenye jokofu za watafiti wetu, pale JKUAT na kwingineko, huenda siku moja zikawa ndiyo Bogoria iliyobaki.

Kwa hivyo nina kazi kwako, wewe mwenye degree ya sayansi unayeuza bando, na wewe mwenzangu usiye na cheti. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, DTU, kina programu iitwayo SignalP. Toleo la kwanza lilitoka miaka ya tisini. Iko wazi mtandaoni, huhitaji kulipa kuitumia. Unabandika herufi za protini, inakuambia kama kuna kikaratasi na makasi yatakata wapi. Protini zenyewe ziko UniProt, hifadhi ya bure yenye mamilioni. Hutaunda kiwanda kwa simu, tusidanganyane. Utahitaji maabara, vipimo, umeme usiokatika na mtu wa kukuamini. Lakini sehemu ya kubuni, ile ya kukaa na herufi 29 ukijiuliza L hii ikitoka itakuwaje, haihitaji maabara kuanza.

Nilijaribu wiki jana nikitoka Karen kuelekea tao. Niliketi dirishani, bando la ishirini, kioo cha simu kimepasuka. Nilichukua ile subtilisini nzima, na kikaratasi chake kikiwa mbele, nikaibandika. Tulikuwa tunapita lango la KWS majibu yalipofunguka: mchoro wenye mstari uliokaa juu kabisa kuanzia herufi ya kwanza, ukatembea hivyo hivyo juu, kisha baada ya ile A ya 29 ukaanguka mpaka chini. Jirani yangu, mzee wa makamo mwenye mfuko wa miche, aliinama akauliza hiyo ni bei ya nini inayoanguka hivyo.

Nikamwambia, mzee wangu, hii si bei, ni mahali pa kukata. Akataka nimweleze. Nikaanza na askari wa geti, na yeye, kumbe ndiye kazi yake, akaniambia barua nyingine siku hizi zinaghushiwa.